Anacheka na bado yuko hatarini: kupima hatari ya kujiua kwa mgonjwa aliyevunjika moyo

Kitanda namba 7 alilala dereva wa lori wa miaka 52. Kisukari kilimla mguu, ukakatwa chini ya goti. Siku ya nane baada ya upasuaji Simba na Yanga zilikuwa zinacheza, na katika wodi nzima hakuna aliyebishana kama yeye. Alicheka mpaka mbavu zikamuuma. Wali alioleta mkewe aliumaliza. Usiku alilala vizuri. Tulipompitishia PHQ-9, dodoso la maswali tisa la kupima sonona (ugonjwa wa huzuni kubwa), alipata alama 6, ambazo ni chache, na swali la tisa, lile la mawazo ya kufa au kujidhuru, alijibu "hapana" bila kusita. Kwenye faili tukaandika "hana sonona", tukahamia kitanda namba 8.

Jioni ile ile alimwita mwanawe mkubwa, akampa simu pamoja na namba ya siri ya M-Pesa, akamweleza karatasi za kiwanja zilipo. Muuguzi wa zamu ya usiku, mama mmoja mtu mzima asiye na papara, aliona. Akavuta kiti. "Baba, mbona unamkabidhi kijana kila kitu? Wewe unakwenda wapi?" Yule baba alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Mwanangu, dereva asiye na mguu ni nani?"

Mgonjwa huyu nimemuunda kutokana na wagonjwa kadhaa, asije akatambulika mtu. Kosa ni letu, na halikuwa kosa la dodoso. Tulitafuta huzuni, hatukuikuta, tukadhani kazi imeisha. Yeye hakuwa na huzuni ya kulia. Alikuwa amevunjika moyo, na hapakuwa na aliyemuuliza habari za kesho.

Mwongozo huu nawaandikia wauguzi, matabibu, madaktari wa wodi za kawaida na maofisa ustawi wa jamii, watu ambao bingwa wa afya ya akili yuko mbali nao au anakuja mara moja kwa wiki. Kama unausoma na mwenye mawazo hayo ni wewe, usiendelee na makala kwanza. Mwambie mtu mmoja aliye karibu nawe sasa hivi, au nenda kituo cha afya kilicho karibu. Tanzania unaweza kupiga 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya. Kenya piga 1199 ya Msalaba Mwekundu.

Hatua ya 1: Tenganisha kuvunjika moyo na sonona

Daktari wa akili wa Marekani, Jerome Frank, ndiye aliyelipa suala la kuvunjika moyo (kwa Kiingereza demoralization) uzito katika karne iliyopita. Alisema wengi wanaokuja kutafuta tiba ya mazungumzo hawaletwi na dalili zenyewe bali na kuhisi wameshindwa kukabiliana na maisha. Mwaka 2001 David Kissane na wenzake wa Australia, waliokuwa wakihudumia wagonjwa wa saratani na magonjwa yasiyopona, walipendekeza hali hii itambuliwe kama mkusanyiko wa dalili unaojitegemea. DSM-5, kitabu cha Marekani cha kuainisha magonjwa ya akili, haikuiorodhesha kama ugonjwa, na sababu moja ya kusahaulika kwake ni hiyo: kisichohesabiwa kuwa ugonjwa ni rahisi kutoandikwa.

Kiswahili kiliiona zamani. Mtu ameshika tama. Hana mbele wala nyuma. Maji yamemfika shingoni. Ukisikia maneno hayo unajua hasemwi mtu mwenye huzuni tu, anasemwa mtu asiyejua afanye nini.

Kitandani tofauti utaiona hivi. Mwenye sonona nzito hafurahii kilichopo wala kijacho. Mletee mjukuu wake, atamtazama kama anayetazama ukuta. Aliyevunjika moyo anamfurahia mjukuu akiwa mapajani, anakula, anatania. Ila mwambie "mwezi wa kumi na mbili mtakwenda naye kijijini" na uso unazimika. Raha ya sasa anayo, raha ya kutazamia imekufa. Tofauti ya pili iko kwenye kutenda. Mwenye sonona aghalabu anajua la kufanya lakini hana nguvu ya kulianza. Aliyevunjika moyo nguvu anaweza kuwa nazo, anakosa njia. Anajiona si hodari tena wa maisha yake mwenyewe.

Hali hizo mbili hukutana kwa mtu mmoja mara nyingi, na zikikutana mambo huwa mazito zaidi. Kwa hiyo ukiiona moja usiache kuitafuta nyingine. Tafiti za wagonjwa wa saratani na za wagonjwa wa akili zimeonyesha kwamba kuvunjika moyo huambatana na mawazo ya kujiua, na nyingine zimeona hivyo hata pale sonona ilipowekwa kando. Wengi waliovunjika moyo hawatajiua. Wengi watainuka wenyewe maumivu yakitulia na bili ikipata mlipaji. Lakini alama ndogo ya sonona isikupe ruhusa ya kufunga faili.

Hatua ya 2: Sikiliza kabla ya kuuliza

Maneno ya hatari wodini huja yamevaa nguo za kawaida:

- "Nimekuwa mzigo."
- "Hela hiyo wasomeshe watoto, isiishie kwangu."
- "Mimi ndiyo basi tena."
- "Heri Mungu anichukue."
- "Nitawaachia nafasi." Hili husemwa kwa kicheko, na wodi nzima hucheka naye.

Neno la mzigo lisikupite hata siku moja. Kwetu ugonjwa wa mmoja unauza ng'ombe wa ukoo, na mgonjwa anazijua hesabu kuliko mhasibu wa hospitali. Anayesafishwa damu mara mbili au tatu kwa wiki amekaa na hesabu hiyo miezi mingi, kila safari anamwona mtoto aliyeacha biashara ili amsindikize. Akisema yeye ni mzigo, muulize: mzigo kwa nani, na nani alimwambia? Wakati mwingine hakuna aliyemwambia. Wakati mwingine ameambiwa, tena kwa sauti, na hapo umeshajua kwamba yule ndugu si wa kumwachia ulinzi.

Kwa upande mwingine, usione jini kila penye kivuli. Bibi wa miaka 84 anayeomba mwisho mwema na kusema yuko tayari akiitwa, huku amechagua kanga atakayovaa Iddi, hajavunjika moyo. Anazungumza na Mola wake. Kipimo ni kile kile: Iddi anaingoja au haingoji?

Tazama na matendo. Kugawa vitu. Kuaga kwa namna isiyo ya kawaida. Kukataa matibabu ghafla. Hili la kukataa linahitaji utulivu, kwa sababu "sitaki tena kusafishwa damu" inaweza kumaanisha hela zimekwisha na anaona haya kusema, au amechoka na safari, au amefikiri kwa akili timamu na kuamua, au anatafuta njia ya kufa isiyoitwa kujiua. Usiandike "amekataa" mpaka ujue ni ipi kati ya hizo nne.

Hatua ya 3: Uliza habari za kesho

Hapa ndipo kazi ilipo. Kaa chini. Anayeulizwa na mtu aliyesimama mguu upande kama anayesubiri basi hujibu kifupi. Msalimie kama mtu mzima: shikamoo, habari za tangu asubuhi. Ndugu waombe kwa heshima watoke kidogo, mama akanywe chai, kwa maana hakuna baba atakayesema mbele ya mkewe kwamba amechoka kuishi. Baadaye ongea na ndugu pembeni, na wao wana yao.

Maswali ninayoyatumia ni haya, na unayapanga kufuatana na mazungumzo:

"Ukiacha maumivu, ni kipi kinachokulemea zaidi?"
"Siku ukitoka hapa, unajiona uko wapi, unafanya nini?"
"Kuna jambo lolote unalolingoja? Hata dogo, mavuno, harusi, mtoto kumaliza shule?"
"Unaijua hatua inayofuata ya matibabu yako?"
"Nani akiingia mlangoni roho yako inatulia?"
"Zamani ulipokwama, uliponaje?"

Swali la nne linaonekana la kiutawala. Usiliache. Mara nyingi mgonjwa hajaelezwa chochote, anajua amekatwa mguu na basi. Kinachoonekana kama kukata tamaa kumbe robo tatu yake ni giza, na giza hilo daktari anaweza kulipunguza kwa dakika kumi za maelezo.

Kuna vipimo vilivyoandikwa. Kipimo cha Kissane cha mwaka 2004 kilikuwa na vipengele 24, na toleo lililopunguzwa la mwaka 2016 lina 16, vinavyogusa maana ya maisha kwa upande mmoja, na dhiki na uwezo wa kukabiliana nayo kwa upande mwingine. Kinafaa kama unafuatilia wagonjwa wengi au unataka kuona mabadiliko. Usikitafsiri mwenyewe usiku na kukitumia asubuhi. "Kukata tamaa", "kuvunjika moyo" na "kuchoka" si neno moja, na mgonjwa wa Pemba na wa Kakamega hawatayasikia sawa.

Hatua ya 4: Uliza kujiua kwa jina lake

Wengi huishia hatua ya tatu. Wanaogopa kumpa mgonjwa wazo ambalo hakuwa nalo. Kuuliza hakupandi mbegu, na wengi hushusha pumzi wanapopata mtu wa kumwambia. Anza kwa kumpa nafasi, kisha shuka ngazi moja moja.

"Watu wengi wakifikishwa ulipofika wewe huwaza heri wafe. Na wewe imewahi kukujia?" Akisema ndiyo: "Umewaza kujitoa uhai mwenyewe?" Kisha: "Umefikiria ungefanyaje?" Kisha: "Umejiandaa kwa namna yoyote?" Kisha: "Uliwahi kujaribu zamani?" Na mwisho: "Nini kimekuzuia mpaka leo?" Jibu la swali hili la mwisho liandike neno kwa neno, utalihitaji.

Akikujibu "dini hairuhusu", umeambiwa anachoamini, hujaambiwa anachowaza. Mwambie taratibu: "Najua hairuhusu, baba. Mawazo yenyewe, yanakuja?" Wengi hujibu swali hili la pili.

Kuna pia hofu ya sheria. Tanzania, kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinalitaja jaribio la kujiua kuwa kosa. Kenya ilikuwa na kifungu cha 226 cha namna hiyo, mpaka Januari 2025 Mahakama Kuu ilipotamka kwamba kinakiuka Katiba. Mgonjwa aliyesikia habari za polisi atakuficha. Mweleze wazi kwamba kuwaza si kosa, na kwamba unauliza ili umtibu. Usimwahidi siri isiyo na mpaka. Sema: "Nikiona uko hatarini nitawaambia wanaoweza kukulinda, na nitakwambia kwanza."

Hatua ya 5: Angalia mwili

Kwa haraka tu, lakini usiruke. Maumivu yasiyotibiwa vizuri, usiku wa nne bila usingizi, sukari inayopanda na kushuka, kuchanganyikiwa kwa ghafla, pombe iliyokatika juzi, dawa za steroidi. Nimeona "kukata tamaa" kukipungua nusu baada ya morfini kutolewa kwa saa zake.

Hatua ya 6: Amua, bila kubandika lebo

Tumezoea kuandika hatari ndogo, ya kati, kubwa. Mwongozo wa mwaka 2022 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, unasema wazi kwamba alama za vipimo na madaraja ya namna hiyo visitumike kutabiri nani atajiua, wala kuamua nani apate huduma. Hata Aaron Beck na wenzake, walioonyesha mwaka 1985 kwamba kukata tamaa kulitabiri kujiua kuliko ukali wa sonona, kipimo chao kilinasa pia watu wengi ambao hawakujiua. Namba itakusaidia kuanza mazungumzo. Usiku wa leo hautaulinda kwa namba.

Badala ya daraja, jibu maswali manne kwenye faili: nini kinamsukuma, nini kinamshikilia, nini kikitokea kitabadilisha hali ghafla (bili, majibu ya kipimo, mke kuondoka), na nani yuko naye usiku huu. Dereva wetu ilikuwa hivi: anasukumwa na kazi iliyopotea, anashikiliwa na binti wa darasa la sita, hatari itapanda siku mwajiri akituma barua, na usiku hana mtu.

Mwenye nia na mpango asiachwe peke yake hata kwa dakika za kwenda kumtafuta daktari. Msogeze karibu na meza ya wauguzi. Ondoa vitu hatari na dawa zilizobaki kwenye kabati la kitanda. Mwite anayehusika na afya ya akili usiku huo huo, au piga simu ya ushauri kwenye hospitali ya rufaa. Anayemlinda awe na jina na saa kwenye karatasi ya zamu, kwa sababu "tutamwangalia wote" maana yake haangalii mtu. Na alindwe kama mgonjwa, asilindwe kama mahabusu.

Hatua ya 7: Mpango wa usalama

Ule uliotungwa na Barbara Stanley na Gregory Brown una sehemu sita na unaenea kwenye karatasi moja: dalili kwamba mawazo yanarudi, anachoweza kufanya mwenyewe, watu na mahali pa kumtoa mawazoni, wa kuwaomba msaada, wataalamu wa kuwapigia, na jinsi ya kufanya nyumba iwe salama. Andika kwa maneno yake. Dereva alisema dalili yake ni "nikianza kuhesabu hela usiku", nasi tukaandika hivyo hivyo.

Sehemu ya mwisho ndiyo inayookoa wengi. Ongea na familia kuhusu dawa za nyumbani na za shambani: zifungiwe, ufunguo akae nao mtu mwingine. Anayetumia insulini, kwa muda fulani aitunze na kuitoa ndugu. Wengi hukubali ukiwaeleza kwamba saa mbaya hupita, na kinachotakiwa ni saa hiyo isikute kitu karibu.

Hatua ya 8: Anza kuinua moyo hapo hapo

Uzuri wa kuvunjika moyo, kama tunaweza kuuita uzuri, ni kwamba kunaweza kugeuka haraka kuliko sonona. James Griffith na Lynne Gaby, madaktari wa akili wa Marekani, walieleza mwaka 2005 jinsi ya kufanya hivyo kitandani kwa mazungumzo mafupi: unatafuta mgonjwa ameelemea wapi, kwenye kutoelewa, upweke, kukosa uwezo au kukosa maana, unamvuta upande wa pili. Asiyeelewa anahitaji maelezo. Mpweke anahitaji mtu. Asiye na uwezo anahitaji kazi, hata ndogo: achague saa ya kuoga, ajifunze kufunga kidonda chake, apime sukari mwenyewe.

Dereva alikuwa wa kundi hili la kukosa uwezo. Mawaidha yasingemfikisha popote. Tulimleta mtu aliyekatwa mguu miaka mitatu nyuma, akaingia wodini anatembea, akapandisha suruali, akagonga mguu wa bandia kwa kifundo cha kidole. Ko, ko. Tukamweleza kwamba kule Moshi kuna chuo, TATCOT, kinachofundisha mafundi wa viungo bandia, na kwamba fundi aliyesomea kazi hiyo angekuja kumpima. Ofisa ustawi wa jamii akaichukua bili. Siku hiyo alimwomba mwanawe arudishe simu.

"Jipe moyo", "kaza roho", "wapo wenye shida kuliko wewe": acha. Mgonjwa huzisikia kama mlango unaofungwa kwa adabu. Na vidonge vya sonona usivianzishe kwa sababu tu huna muda wa kuongea. Kama sonona ipo, itibu kikamilifu. Kama haipo, kidonge hakimtafutii mtu kazi.

Hatua ya 9: Kumruhusu na kumfuata

Siku na wiki za kwanza baada ya kutoka hospitali ni za hatari, hasa kwa waliolazwa kwa matatizo ya akili, lakini usizipuuze kwa yeyote. Nyumbani hakuna raundi ya asubuhi. Wageni hukoma wiki ya pili. Kwa hiyo asitoke bila tarehe ya kliniki iliyoandikwa, nakala ya mpango wa usalama, na ndugu mmoja aliyeusoma. Kwenye kukabidhi zamu na kwenye barua ya rufaa andika alichosema, sio "mgonjwa ametulia".

Piga simu ndani ya siku tatu. Usiulize "unaendeleaje", maana sisi hujibu "nzuri" hata nyumba ikiwaka. Uliza: "Leo umeamka ukafanya nini? Na wiki hii una nini mbele yako?"

Dereva alipopigiwa alisema amekaa nje, anamwelekeza mpwa wake kufungua betri ya gari. Na Jumamosi kuna mtu anakuja.

"Mtu gani, baba?"

"Yule fundi wa miguu. Amesema nisile chumvi nyingi nisije nikavimba, kipimo kikakosea."

Tukaandika Jumamosi kwenye faili, tukapanga simu ya pili iwe Jumatatu yake, endapo fundi asingefika.